Mchungaji, omba siku ya kupumzika bila kuona haya

Mchungaji mpendwa, umeuliza kama ni dhambi kutaka siku moja kwa juma bila simu ya mshirika yeyote, kwa kuwa hulali na mahubiri yamekuwa mzigo. Si dhambi hata kidogo. Eliya alipochoka hadi kujiombea kifo (1 Wafalme 19), hakuanza kwa kukemewa. Alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Safari ya kwenda Horebu, mlima wa Mungu, ilifuata baadaye.

Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kukupangia likizo. Kanisa la mahali hujitawala. Basi anza na mashemasi. Waeleze hali yako wazi, mkubaliane ni siku gani na nani atapokea simu za wagonjwa na misiba. Kisha jambo lifike mkutano wa washirika, lipitishwe, liandikwe kwenye kumbukumbu. Mimi niliridhika na makubaliano ya mdomo tu, na ndani ya miezi michache siku yangu ilikuwa imemezwa na vikao.

Huko kutolala usikuchukulie kuwa kawaida. Kukiendelea, mwone daktari. Na mwenzi wako mwambie leo.