Passer: kitenzi kilichoniumbua mbele ya wageni

Siku matokeo ya DELF B2, mtihani wa Kifaransa, yalipotoka nilikuwa porini, nyuma ya usukani, na wageni wanne kutoka Lyon. Nilipata 61 kwa 100. Ili ufaulu unatakiwa 50, mradi usishuke chini ya 5 kwenye sehemu yoyote kati ya zile nne. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniuliza kulikoni natabasamu peke yangu. Nikamjibu kifua mbele: "J'ai passé mon examen !" Akaniangalia kwa huruma. "Ah, bon courage pour les résultats."

Yaani, pole, Mungu akusaidie matokeo yakitoka.

Kiingereza cha shule ndicho kilichoniponza: huko to pass ni kufaulu. Kwa Mfaransa, passer un examen ni kufanya mtihani, basi. Hata ukiambulia sifuri, bado unasema j'ai passé l'examen. Aliyefaulu husema je l'ai réussi, au kwa mazungumzo ya kawaida je l'ai eu, nimeupata.

Mimi ni mwongoza watalii, nyumbani ni Arusha. Mji wetu umekisikia Kifaransa miaka mingi, maana Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifanya kazi zake hapa kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Lakini mimi nilikianza ukubwani, jioni baada ya kazi, na hakuna kitenzi kilichonisumbua kama hiki. Kunyambua si tabu, kinakwenda sawasawa na parler, kusema. Tabu ni maana.

Kamusi itakwambia passer ni "kupita". Sawa, lakini hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine inakaribiana na "piga" yetu: passer la serpillière ni kupiga deki, passer un coup de fil ni kupiga simu. Mezani, passe-moi le sel ni nipe hiyo chumvi. Kwenye simu, je te passe Maman ni haya, ongea na mama. Hapo hakuna anayepita popote.

Kilichonisaidia ni kuacha kukitazama kitenzi na kutazama vijineno vinavyotembea nacho. Sisi maana tunaigeuzia mwishoni mwa kitenzi: pita, pitia, pitisha, pitwa, pitiwa. Mtu akikwambia "nilipitiwa", unajua alisinzia au alisahau, wala humuulizi alipitiwa na gari gani. Mfaransa hana viambishi hivyo, kwa hiyo anabandika pembeni. Akiweka se, inakuwa kutokea: gari likinasa kwenye tope, sauti ya kwanza utakayosikia nyuma yako ni "Qu'est-ce qui se passe ?", kuna nini? Akiongeza na de, ni habari nyingine kabisa: je ne peux pas me passer de café, siwezi kukaa bila kahawa. Passer pour ni kudhaniwa kuwa: il passe pour riche, watu wanamwona tajiri, na mara nyingi msemaji ana shaka zake.

Halafu kuna y. Herufi moja, lakini iogope.

Tulikuwa tunaota moto kambini, mzee mmoja anakohoa, mkewe akanieleza kwamba mwaka uliopita moyo ulimsumbua sana: "Il a failli y passer." Nikatafsiri kichwani: nusura apite huko. Huko wapi, sikuuliza. Nikadhani ni safari iliyoahirishwa, nikamchangamsha: "Pas grave, il y passera la prochaine fois !" Kimya. Hata mpishi, asiyejua neno la Kifaransa, aligeuka. Y passer ni kufa. Nilikuwa nimemwambia mama wa watu asijali, mumewe atakufa safari ijayo. Bahati yangu mzee ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Jambo jingine ni wakati uliopita, maana hapo wengi hubahatisha. Kama unataja kitu moja kwa moja baada ya kitenzi, tumia avoir (kuwa na): j'ai passé la nuit à Karatu, nililala Karatu. Kama ulipitia tu mahali, tumia être (kuwa): je suis passé à l'hôtel, nilipita hotelini. Ukichanganya watakuelewa, ila utasikika mgeni.

Basi nunua daftari. Usiandike "passer = kupita". Andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, na pembeni uandike nani aliisema na mlikuwa wapi. Langu lina ukurasa wenye neno "moto" na mchoro wa mzee anayecheka. Orodha za maana ishirini za kwenye intaneti nilizikariri zote, zikayeyuka ndani ya wiki. Ukurasa ule haujawahi kunitoka.

Juzi yule mama wa Lyon ameniandikia: "On repasse par Arusha en février !" Yaani, tunapita tena Arusha Februari. Kijana ninayemfundisha kazi akaichukua simu, akatafuta repasser kwenye kamusi yake, uso ukamkunjamana.

"Kaka, wanakuja kupiga pasi?"

Nikamwambia atoe daftari.