Wacheza sindimba wanaokakamaa studioni

Ndugu yangu, umeeleza kwamba vijana wa kikundi cha sindimba, ile ngoma ya Wamakonde ya kuzungusha viuno, wanaocheza kwa ridhaa baada ya kazi, wakifika studioni kwako hukakamaa kama waliokuja kupiga picha za pasipoti, na wakianza kucheza, viuno vyao hutoka na ukungu pichani.

Kwa maoni yangu, shida kubwa haimo kwenye kamera. Mchezaji asiyeizoea studio hajui mikono yake aiweke wapi ngoma isipolia. Kwa hiyo mwalike mpiga ngoma wao, waache wacheze dakika 10 bila kupigwa picha, nawe utazame ni wapi mwili hutulia kidogo kabla ya kugeuka, kwa kuwa hapo ndipo pa kubonyeza. Mimi huupenda zaidi uso unaokuja mara tu mchezo unapokoma, jasho likiwa bado shingoni na kanga imelegea kiunoni. Tafadhali usiiweke kamera chini mapema.

Kuhusu ukungu, zima taa za kawaida, utegemee flashi, na uweke shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, kwenye 1/160 au 1/200 ya sekunde. Ukitumia flashi ndogo ya betri, punguza nguvu yake, kwani mmweko wake huwa mfupi zaidi na hukamata mwendo. Iweke ubavuni mwa mchezaji, si mbele yake, ili mkunjo wa kiuno uonekane, na umsogeze mita 2 kutoka kwenye pazia la nyuma ili kivuli chake kisianguke humo.