Dar mpaka Iringa kwa baiskeli: kwa aliyeuliza atalala wapi

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kwenda Dar hadi Iringa kwa baiskeli, peke yake, bila hela ya gesti kila usiku. Anaweza. Ni kama kilomita 500, mimi nilitumia siku sita, na baiskeli ilikuwa Phoenix ya marehemu babu, haina gia hata moja.

Chalinze, Moro na Mikumi nililala gesti, sikufichi. Kipande cha Dar hadi Chalinze hakina raha: mabasi yanakuja kasi na pembeni mwa lami pamelika. Ukisikia honi ndefu nyuma yako, shuka mchangani. Usibishane na basi.

Hifadhi ya Mikumi usiipite unapiga pedeli. Lami inaikatiza kama kilomita 50, tembo na nyati wanavuka wanapojisikia, na simba wamo. Nilisimama Doma. Dereva wa semi aliyekuwa anakunywa chai akaniuliza, "Dogo, unaenda kuliwa?" Akamwambia utingo aifunge baiskeli juu ya turubai. Tulipofika Mikumi mjini nikatoa elfu tano, akaitazama kama nimemtukana.

Karibu na Ruaha Mbuyuni, kwenye lile joto lake, spoku tatu zikakatika. (Beba za akiba. Mimi nilibeba viraka na solusheni, nikajiona nimemaliza.) Fundi wa chini ya mti hakuwa na saizi yangu, akachomoa kwenye gurudumu la baiskeli yake mwenyewe. Usiku nikalala kwenye banda lake.

Asubuhi akina mama wanaouza vitunguu barabarani wakataka kujua nimetoka wapi. Mmoja akanijazia mfuko, kilo tatu hivi.

"Shikamoo mama, asante, ila mbele kuna mlima Kitonga. Nitavipandishaje?"

"Marahaba. Malori yanapanda, mwanangu, sembuse vitunguu?"

Nikavifunga kwenye keria. Kitonga sikuendesha, nilisukuma. Malori yanapanda pole pole kiasi kwamba nilitembea sambamba na utingo mmoja aliyebeba gogo la kuzuia tairi lori likirudi nyuma. Mkono mmoja gogo, mwingine ananisukumia keria. Hatukuongea, pumzi ilitoka wapi?

Giza likanikuta kabla ya Ilula. Hapa ndipo swali lako lilipo. Usilale porini, na usibishe hodi nyumba yoyote tu. Ulizia mwenyekiti wa kijiji au balozi wa nyumba kumi, toa kitambulisho kabla hujaombwa. Watu wanakuogopa kwanza, na wana haki: mgeni, usiku, hana mwenyeji. Wengi hapa jukwaani wanasimulia ukarimu na kuruka hiyo nusu saa ya kuchunguzwa. Mwenyekiti alikisoma kitambulisho changu pande zote mbili kwa tochi ya simu, akampigia mtendaji, ndipo akanipeleka kwa mama yake mzazi.

Bibi hakuniuliza ninakotoka. Aliuliza kama nimekula. Nikampa vitunguu, akavikaanga viwili kwenye maharage, tukala na ugali.

Alfajiri nikakuta vilivyobaki vimerudishwa kwenye keria, juu yake viazi vya kuchemsha na nyanya. Nilifika Iringa mchana na mzigo mzito kuliko nilioupandisha Kitonga.