Hatapatapi, lakini huenda ni kifafa

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi sita. Kwa wiki tatu sasa, kila anapoamka hujikunja ghafla, kichwa kikainama kifuani na mikono ikatanuka, kisha hulegea. Baada ya sekunde chache hujikunja tena, na huweza kurudia mara kumi na tano au ishirini kabla ya kutulia. Mwishoni hulia. Hana homa, hatoki povu wala hatapatapi. Mhudumu wa kwanza alisema ni gesi, akatupa matone ya tumbo. Wa pili alisema ni meno. Picha ya CT ya ubongo haikuonyesha tatizo lolote. Hata hivyo, naona hacheki tena kama zamani, na nikimwita haniangalii usoni. Ndugu yangu ameleta mafuta ya kutuliza neva yanayouzwa mtandaoni, na anashauri tusubiri mwezi mmoja tuone. Je, inawezekana kuwa ni kifafa ilhali mtoto hatapatapi?

Jibu: Marahaba, mama. Ndiyo, inawezekana, na maelezo yako yanafanana mno na kifafa cha watoto wachanga kiitwacho mikazo ya utotoni, au sindromu ya West, kiasi kwamba daktari anayekifahamu atakichukulia kuwa ndicho hadi kipimo cha umeme wa ubongo kitakapokanusha. Usisubiri mwezi, wala usisubiri wiki. Mpeleke mtoto leo au kesho katika hospitali yenye daktari wa neva za watoto. Kama hayupo, tafuta penye daktari wa watoto na mashine ya EEG, ndiyo inayopima umeme wa ubongo. Nenda na video ya tukio zima kwenye simu, iliyochukuliwa penye mwanga, mtoto akiwa hajafunikwa, ikionyesha uso na mikono yote miwili, na usiizime mpaka mfululizo wote umalizike. Mtoto akifika mbele yetu mara nyingi huwa ametulia, na bila video tunabaki na maneno ya kusimuliwa tu.

Naomba sasa nikae kwenye dhana iliyokuchelewesha wiki tatu, kwa kuwa naikuta karibu katika kila familia inayofika kwetu ikiwa imechelewa: kwamba kifafa lazima kiangushe, kikakamaze, kitetemeshe na kutoa povu. Hiyo ni sura moja tu ya kifafa, nayo ni sura ya ubongo uliokomaa zaidi. Ubongo wa mtoto wa miezi sita haujakamilisha mitandao yake, na dhoruba ya umeme ndani yake hujitokeza kwa njia nyingine kabisa. Katika ugonjwa huu misuli ya shingo, kiwiliwili na mikono hukaza kwa sekunde moja au mbili, ikaachia, ikakaza tena, kwa mfululizo unaoweza kuchukua dakika kadhaa, na wakati unaopendwa zaidi na mifululizo hiyo ni pale mtoto anapoamka. Wengine hujikunja mbele kama mwanao, wengine hujinyoosha kwa nyuma, na wapo ambao huinamisha kichwa kidogo tu au kuinua macho juu, jambo ambalo hata mzazi makini anaweza kulipita. Kati ya mkazo na mkazo mtoto huweza kuonekana yuko macho kabisa. Kilio kinachofuata ndicho kinachowapoteza watu, kwa sababu mtoto anayejikunja na kulia hudhaniwa moja kwa moja kuwa anaumwa tumbo.

Umri peke yake ungetosha kumtia mashaka aliyekupa matone. Kilio cha chango hufikia kilele mtoto akiwa na wiki sita hivi, na kwa kawaida huwa kimekwisha afikapo miezi mitatu au minne. Mikazo ya utotoni huanza hapohapo chango kinapoondoka: wengi huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nane, na karibu wote kabla ya kutimiza mwaka. Chango pia humliza mtoto kwa saa nzima au zaidi. Hakimkunji kwa sekunde moja, kikamwachia, kikamrudia baada ya sekunde sita. Kushtuka kwa kawaida kwa kichanga huhitaji kishindo au hisia ya kuanguka, hakujirudii kwenyewe, nako huwa kumeshapungua au kutoweka katika umri wa mwanao. Mirusho ya usingizini isiyo na madhara hutokea mtoto akiwa amelala na hukoma anapoamka, kinyume kabisa na ulichoeleza. Ni kweli kwamba wapo watoto wachache wenye mikunjo inayofanana sana na hii na ambao hawana ugonjwa wowote, lakini kinachowatenganisha na wenye kifafa ni kipimo cha EEG. Jicho la mhudumu haliwezi kufanya kazi hiyo, hata likiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Kuhusu meno, kosa hili lina umri mrefu. Mwaka 1841 daktari Mwingereza William James West aliandika barua katika jarida la Lancet akieleza mikazo ya mwanawe mwenyewe iliyoanza akiwa na umri wa miezi minne hivi, akiwaomba wenzake msaada. Alisimulia matibabu yaliyojaribiwa, yakiwemo ruba na kuchanjwa kwa fizi, wala hayakumfaa mtoto kitu. Kwa karne nzima na zaidi hapakuwa na tiba ya maana, mpaka mwaka 1958 madaktari walipotangaza kwamba homoni ya ACTH inaweza kuisimamisha mikazo hiyo. West hakuwa na njia nyingine. Leo njia ipo, na ndiyo sababu siwezi kuvumilia kumsikia mhudumu akiyataja meno bila hata kuomba kuona video.

Picha ya CT nayo imekupa utulivu usiostahili. Picha huonyesha umbo la ubongo, na ubongo wenye umbo zuri unaweza kuwa na umeme uliovurugika vibaya sana. Kipimo kinachohusika ni EEG, na mtoto lazima alale kwa muda fulani wakati wa kupimwa, kwa sababu mvurugiko uitwao hipsarithimia, yaani mawimbi makubwa yasiyo na mpangilio, huweza kujificha akiwa macho na kuonekana vizuri akiwa usingizini au anapoamka. Ukiambiwa kuwa EEG ya dakika ishirini mtoto akiwa macho ni safi, uliza kwa heshima kama usingizi ulirekodiwa, na kama tukio lenyewe lilinaswa. Baadaye mtoto atahitaji pia picha ya MRI, ambayo huona mengi yasiyoonekana kwa CT, pamoja na uchunguzi wa kutafuta chanzo: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, sukari iliyoshuka sana siku za mwanzo, maambukizi ya ubongo, hitilafu za vinasaba au za maumbile ya ubongo. Mkague pia ngozi. Madoa meupe yenye umbo la jani huweza kuashiria ugonjwa wa kurithiwa uitwao tuberasi sklerosisi, na daktari akijua hivyo mapema huchagua dawa tofauti.

Kwa nini nasisitiza siku badala ya miezi? Watafiti wa Uingereza waliowafuatilia watoto wa utafiti uitwao UKISS mpaka umri wa miaka minne walichapisha matokeo mwaka 2011. Waliwagawa watoto kulingana na muda uliopita kati ya mkazo wa kwanza na matibabu: siku saba au pungufu, siku 8 hadi 14, siku 15 hadi mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi miwili, na zaidi ya miezi miwili. Kila hatua moja ya kuchelewa iliambatana na upungufu wa wastani wa alama 3.9 katika kipimo cha ukuaji. Wewe tayari uko kundi la tatu, na ushauri wa ndugu yako ungekupeleka la nne. Sisemi hivi ili nikutie hofu wala kukulaumu. Ulitafuta msaada mara mbili na mara zote mbili ulipotoshwa. Lakini kule kuacha kucheka na kuacha kukuangalia usoni ni dalili nzito kuliko mikunjo yenyewe, kwa maana umeme huo uliovurugika unaendelea hata mikazo isipoonekana, na unauzuia ubongo kujifunza katika miezi ambayo ungekuwa unajifunza kwa kasi kubwa.

Dawa zilizothibitishwa kuwa za mwanzo ni chache: dawa za homoni, yaani ACTH au ile inayofanana nayo ya kutengenezwa, au prednisoloni kwa kiwango kikubwa, na vigabatrini, ambayo ni dawa ya kifafa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, uitwao ICISS, uliohusisha watoto 377 katika nchi tano. Waliopewa homoni pamoja na vigabatrini walikaa bila mikazo kuanzia siku ya 14 hadi ya 42 kwa asilimia 72, ilhali waliopewa homoni peke yake walifikia asilimia 57. Mwaka uliofuata watafiti haohao walieleza kwamba, watoto walipofikia miezi 18, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika ukuaji. Waliokuwa na hali nzuri zaidi ni wale ambao mikazo yao ilikoma mapema. Kwa hiyo madaktari wanaweza kuendelea kubishana kuhusu mchanganyiko ulio bora, lakini hakuna mtaalamu anayebishania haraka.

Hapa pia ndipo njia za mkato zinapoleta madhara. Watoto wengi hufika kwetu wakiwa wametumia fenobabitoni kwa wiki kadhaa, dawa inayosaidia katika aina nyingine za degedege lakini isiyo na msaada wa maana kwa mikazo hii. Mtoto husinzia zaidi, familia ikadhani anapona, na siku zinaendelea kuhesabika. Wengine hununuliwa prednisoloni dukani kwa kiwango cha mtoto mwenye pumu, ambacho ni kidogo mno kwa ugonjwa huu, kisha dawa husimamishwa ghafla ikiisha. Sitaandika viwango hapa, na nina sababu. Dawa hizi za homoni hupandisha shinikizo la damu, hupunguza kinga dhidi ya maambukizi, hulazimu baadhi ya chanjo kuahirishwa, na haziachwi kwa siku moja. Vigabatrini nayo huweza kupunguza uwezo wa kuona pembeni. Faida yake inazidi hatari hizo iwapo tu kuna mtu anayempima mtoto, anayerudia EEG baada ya wiki mbili hivi, na anayebadilisha tiba bila kusitasita kama mikazo haijakoma.

Mafuta uliyoletewa usimpe. Ipo dawa ya kanabidioli, kemikali itokayo kwenye mmea wa bangi, iliyosafishwa na kupimwa, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2018 kwa aina mbili nyingine za kifafa, sindromu za Lennox-Gastaut na Dravet, na mwaka 2020 kwa kifafa kinachotokana na tuberasi sklerosisi. Idhini hiyo hutolewa kwa dawa yenye kiasi kinachojulikana katika kila mililita, kwa magonjwa yaliyotajwa, kwa umri uliotajwa. Wauzaji wa mtandaoni huchukua sifa ya dawa hiyo wakaibandika kwenye chupa ambayo hakuna aliyeipima, wakamuuzia mzazi wa mtoto wa miezi sita mwenye ugonjwa mwingine kabisa.

Na wauzaji hawa hawaishii kwenye kifafa. Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo huuziwa sindano za seli shina katika kliniki zisizochapisha matokeo yoyote; mzazi wa mtoto mwenye usonji huuziwa dawa za kutoa metali mwilini, au maji ya klorini dayoksaidi ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliyatolea onyo hadharani mwaka 2010 na tena mwaka 2019 kwa kuwa ni kemikali ya kupaukisha inayounguza utumbo. Bidhaa hutofautiana, lakini ombi ni lilelile: mpe miezi mitatu uone. Mtoto mdogo hukua kidogo kila mwezi hata akiwa mgonjwa, na muuzaji huhesabu ukuaji huo kuwa kazi ya chupa yake. Mtoto asipokua, humwambia mzazi aongeze dozi. Anayetibu kwa haki hukueleza kabla ya kuanza anatarajia nini, kwa siku ngapi, atakipima kwa kipimo gani, na atafanya nini kikishindikana. Muulize hivyo yeyote anayekuletea tiba ya mtoto, akiwemo daktari mwenye koti jeupe, na asipokuwa na jibu ondoka na mtoto wako.

Kwa wazazi wengine wanaosoma jibu hili: mtoto kuchelewa kidogo kukaa au kutembea kunaweza kuwa tofauti ya kawaida na kunaweza kungojea miadi ya kliniki. Mtoto kupoteza alichokuwa nacho, awe alikuwa akicheka, akishika kitu, akitamka silabi au akikaa bila kuegemezwa, hakungojei miadi, awe na mikazo au asiwe nayo. Taja hasa alichokipoteza na wiki alipokipoteza, uliseme hilo kabla ya jambo lingine lolote mapokezi na kwa daktari, na kama unarudishwa nyumbani na matone ya tumbo, omba liandikwe kwenye kadi ya mtoto kwamba ulilisema.