Choo changu hakikuwa kichafu, kilikuwa kinaota jiwe

Wiki iliyopita dada mmoja anayenisoma alinitumia picha ya choo chake cha masta. Wamehamia Kigamboni mwezi wa nne tu, vigae bado vinang'aa, lakini ndani ya sinki pameshakaa pete nyeupe inayoelekea njano, na kutoka chini ya ukingo inashuka michirizi ya rangi ileile. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, dawa gani?" Niliikodolea macho picha ile muda mrefu. Nilikiona choo changu cha miaka ile, na nikamsikia wifi yangu.

Nianze na wifi, maana bila yeye nisingejua lolote kuhusu maji.

Tumejenga Tegeta, upande wa kupandia Wazo. Ninyi wenzangu mnaojenga mnaijua safari yenyewe, msingi mwaka huu, lenta mwaka ule, bati likisubiri mkopo, kwa hiyo sitawachosha. Maji ya bomba yalikuwa ya mgao, tukachimba kisima kirefu, na siku maji yalipotoka nilipiga magoti palepale kwenye tope. Maangavu, mengi, ya kwetu. Sabuni ilikuwa inakataa kutoa povu na birika lilikuwa linaota magamba meupe ndani, lakini nani angehesabu hayo siku ya furaha?

Mwaka uliofuata kijana wetu akapata kipaimara. Nyumba ikajaa. Wifi yangu mkubwa akaomba kwenda msalani, choo cha wageni kilikuwa na mtu, nikampeleka cha chumbani kwetu. Aliporudi sebuleni akaketi katikati ya mashangazi, akashusha soda yake nusu chupa, akasema kama anayejisemea: "Nyumba njema si mlango." Hakumalizia. Shangazi mmoja akakohoa, mwingine akainua macho kuangalia dari langu la jipsamu. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la pilau.

Choo kile nilikuwa nakisugua kila siku. Naandika haya nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, na bado natamani kumpangia mtu brashi zote nilizozimaliza azihesabu.

Baada ya siku ile nikawa kama mgonjwa. Nilianza na jiki. Namwaga usiku, asubuhi naikuta pete nyeupe pe, nashangilia, wiki haiishi njano imerudi. Sikuelewa kwamba jiki inatoa rangi tu, ukoko wenyewe haiugusi. Nikahamia stilwaya ya sufuria, nikasugua mpaka kucha zikaisha. Nilichokifanya hasa ni kuichubua ile ngozi laini ya sinki, na ukoko ukapata mahali pazuri zaidi pa kushikia. Nikanunua na filta ya kufunga kwenye bomba linaloingia ndani, bei sitaitaja kwa sababu baba watoto naye husoma hapa. Ile filta inazuia mchanga na tope. Chokaa iliyokwisha kuyeyuka inapita humo kama sukari inavyopita kwenye chujio la chai.

Halafu jirani akaniletea asidi ya betri. Hapa naomba msome taratibu. Niliimimina, ikafuka, nikatoka mbio na macho yanachuruzika, na nashukuru watoto walikuwa shule. Na haikusaidia kitu! Asidi ya betri ni ya salfa. Ikikutana na chokaa inageuza sehemu yake kuwa jasi, yaani jipsamu, ambayo haiyeyuki kirahisi, inabaki imeufunika ukoko. Yaani nilitaka kutoa jiwe, nikalipaka lile lile linalotengeneza dari langu ambalo shangazi alilikimbilia kwa macho.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi bomba, tena alikuja kwa shida nyingine kabisa, floti ya tangi la juu ilikuwa inamwaga. Akapita chooni kunawa mikono, akachungulia sinki, akatoka akiwa anatabasamu. "Mama, hapa mmejenga juu ya nini?" Nikamwambia juu ya mkopo. Akacheka, akanyoosha kidole kule kilimani kwenye kiwanda cha simenti. "Wanachosaga kule ndicho kilichozunguka kisima chako."

Kiwanda cha Wazo kinatoa simenti tangu 1966, na kiliwekwa pale kwa sababu ya mawe ya chokaa. Nilikuwa nakipita kila siku nikienda kazini, sikuwahi kukihusisha na choo changu. Mvua inaposhuka ardhini inabeba hewa ya kaboni iliyomo kwenye udongo, inakuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo unayeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo. Maji yanabaki maangavu ila yamebeba jiwe tumboni. Yakifika juu yakakaa wazi, ile hewa inatoka, maji yanakauka pembezoni, na jiwe linarudi kuwa jiwe. Waliowahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga wameyaona mawe yanayoning'inia kutoka juu. Ni kazi ileile, pale imechukua maelfu ya miaka, chooni kwangu ilichukua miezi. Na mkojo ukilala ndani ya sinki unaharakisha, kwa sababu ukioza unayapunguzia maji uchachu, na chokaa inajitenga upesi zaidi.

Kwa hiyo dada zangu, anayewaambia ninyi ni wachafu hajui kemia. Hilo nimelisema kwa sauti jikoni mara kadhaa, bila wifi kuwepo.

Ila mzee yule hakuishia kwenye mawe. Aliniomba bluu ya kufulia nguo. Akaikoroga ndani ya tanki la choo, akasema tusivute maji, tunywe chai kwanza. Tuliporudi baada ya nusu saa, sinki lilikuwa na michirizi ya bluu palepale penye michirizi ya njano. Raba ya chini ya tanki ilikuwa imelegea. Usiku na mchana maji membamba yalikuwa yanateremka kwenye kuta za sinki, hayasikiki, hayaonekani, kila tone linaacha chokaa yake. Raba mpya ilikuwa bei ya chakula cha mchana. Hebu fikiria filta, jiki, stilwaya, machozi!

Mnataka njia za kuzuia, najua. Ya kwanza ni hiyo raba. Ya pili ni hiyo hiyo raba, iangalieni kila baada ya miezi michache, na vile vidonge vya kutumbukiza kwenye tanki, hasa vyenye klorini, viacheni, vinaila.

Kinachoyeyusha chokaa ni uchachu. Bibi zetu wa pwani walikuwa wanasugulia shaba ndimu na ukwaju, na hapa ni mlemle. Mimi natumia siki nyeupe ya kawaida, au ule unga wa sitriki wanaotia watengeneza juisi, vijiko vinne vya chakula kwenye maji ya uvuguvugu. Yanayochemka hapana, sinki linaweza kupasuka. Kosa la wengi ni kumimina siki juu ya maji yaliyojaa, inapotea humo. Yasukume maji kwa brashi yashuke kwanza, au yachote kwa kopo, ndipo umimine. Kwa chini ya ukingo, kwenye vile vitundu vya kutolea maji, lowesha karatasi za chooni kwa siki uzibandike pale, ulale. Asubuhi brashi ya plastiki inatosha. Ukoko wa miaka utahitaji usiku kadhaa, usikate tamaa usiku wa pili. Ukishaisha, mara moja kwa wiki, mimi Ijumaa usiku.

Na tafadhali, siki na jiki visikutane kamwe, wala jiki na dawa yoyote ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi dirisha lake ni kitundu tu. Kama jana uliweka jiki, vuta maji mara kadhaa kwanza.

Mnaoenda kwenu Desemba, msiache choo na maji ya kisima wiki tatu yanakauka polepole, pete inajichora yenyewe. Mimi siku ya safari namimina kopo la siki ndani, nafunika, naondoka.

Mwenye uwezo wa mashine ya kulainisha maji, ile yenye resini inayorudishwa nguvu kwa chumvi, aweke, inafanya kazi kweli. Sisi tulichagua mvua. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 ni karibu lita 1,000, na maji ya mvua hayana chokaa. Tangi moja la masika na vuli limeunganishwa na vyoo tu. Ambao bado mko kwenye ramani, mwambieni fundi atenganishe bomba la vyoo sasa, kabla ya plasta. Tunashindana kuchagua vigae vya Dubai na hatuulizi maji yatakayovipitia yanatoka wapi. Tunanunua chupa za harufu ya maua kwa sababu ya aibu ya wageni, tunapaka marashi juu ya jiwe. Wanawake wenzangu, tuache.

Dada wa Kigamboni, usinunue dawa yoyote kwanza. Leo usiku, watu wote wakishalala, koroga bluu kwenye tanki na usivute maji. Asubuhi nipigie picha nyingine.