Usalama wa wanawake mlimani hupangwa kabla ya geti

Nilianza Kilimanjaro kama mgumu, yaani mbeba mizigo. Nilibeba mizigo ya wageni kwa misimu kadhaa, baadaye nikasomea uongozaji, na sasa napanda nikiwa kiongozi mkuu wa safari. Wasichana wengi wa Moshi na vijiji vya jirani hunijia kuniuliza namna ya kuingia kazi hii, na karibu wote wanakuwa wameshapewa wosia nyumbani: uvae nguo za heshima, usicheke ovyo na wanaume, uwahi kulala. Wazazi wanasema hivyo kwa upendo. Lakini nimeona binti aliyefuata yote hayo akashikwa usiku ndani ya hema, na nimeona safari nyingine ambako wanawake walicheka mpaka machozi na hakuna aliyewagusa. Safari hizo mbili zilitofautiana katika mambo matatu: nani alipanga mahema, nani alishika pesa za tipu, na nani alikuwa na uwezo wa kumnyima mtu safari inayofuata.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo mzizi. Mgumu anaishi kwa kupigiwa simu. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukifika, kiongozi anakusanya watu wake, na asiyeitwa hana la kufanya zaidi ya kwenda kusimama kwenye geti la kuingilia mlimani akiomba nafasi. Mwanaume mwenye simu hiyo akimwambia binti "tukifika kambini uje tuzungumze," binti anajua anaambiwa nini, na anajua akikataa simu yake itanyamaza mpaka Januari. Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja waziwazi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Hata maneno matupu yanayomdhalilisha mtu ni kosa: Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138D, kilichoingizwa mwaka 1998, kinachohusu unyanyasaji wa kijinsia wa vitendo na wa maneno. Wagumu wengi hawajawahi kusikia habari hizo, kwa hiyo mimi huzisema kwa sauti.

Huzisema getini Machame, wakati mizigo inapimwa. Mizani ya pale inatulazimisha kusubiri, maana mgumu haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na wakati huo watu wote wako sehemu moja. Nachukua kipande cha boksi, naandika mahema na majina ya watakaolala humo, nasoma mbele ya kila mtu. Wanawake wana hema lao, hata wakiwa wawili tu. Akiwa mmoja, analala peke yake kwenye hema dogo linalopigwa karibu na langu, na uzito wa hema hilo tunaugawana. Baada ya hapo nasema: "Hakuna anayebadilisha hema bila mimi kujua. Hakuna anayeingia hema la mwenzake bila kuitwa. Nikikuta, unashuka kesho asubuhi, na ofisi itajua sababu." Nasema mara moja tu, bila kugomba, kisha tunaanza kupanda.

Kwa nini nakazania mahema kiasi hiki? Kwa sababu baridi ndiyo kisingizio kikubwa cha mlimani. Kambi ya Shira iko karibu mita 3,800, na usiku maji kwenye chupa yanaganda. Nilipokuwa mgumu, katika safari ya kampuni moja ambayo sitaitaja, mimi na dada mwenzangu tuliambiwa mahema hayatoshi, tuchague kubanana na wanaume kumi au kulala kwa mwongozaji msaidizi, "kule kuna joto." Tulikaa macho kwenye hema la jikoni tukiwa tumevaa viatu, zipu ya mlango tumeifunga kwa kamba ya kiatu kwa ndani. Hatukuthubutu hata kuwasha jiko, maana moshi wa jiko kwenye hema lililofungwa unaua. Asubuhi kila mmoja wetu alibeba mzigo wake kama kawaida. Mahema hayakuwa yamepungua kwa bahati mbaya. Aliyepanga safari alijua tangu mjini kwamba kuna wanawake wawili, na hakufungasha hema letu.

Halafu kuna neno "utani." Mimi ni Mmachame, nina watani zangu Wapare, na wananisema mpaka nashika mbavu. Nami nawarudishia. Utani wa kwetu una pande mbili, kila mmoja ana haki ya kujibu na wazee wapo kusikiliza. Mwongozaji anayetaja matiti ya mgumu mbele ya kundi hafanyi utani, kwa sababu yule binti hawezi kumjibu akabaki na kazi. Hicho ndicho kipimo ninachowapa vijana wangu, na wanakielewa haraka kuliko semina yoyote.

Kuhusu wageni, kazi yetu ina kugusana kwingi, na hatuwezi kulikwepa hilo. Tunawabana kidoleni kipimo cha oksijeni, tunawafunga zipu vidole vikiwa vimekufa ganzi, na usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Barafu wengine tunawashika kwapani mpaka Stella Point, kwenye ukingo wa kreta. Mtu aliyelewa na mwinuko hana nguvu ya kukataa. Kwa hiyo tunaomba ruhusa mapema, mchana, akili yake ikiwa safi: "Usiku nikiona unayumba nitakushika mkono au mkoba. Ni sawa?" Anayemkagua mgeni hemani aende na mwenzake na aache mlango wazi. Upande wa pili upo pia: wapo wageni wanaodhani mwanamke anayewapelekea chai asubuhi ni sehemu ya malipo yao. Nimeshamwambia mgeni wa namna hiyo kwamba chai yake italetwa na mwanaume mpaka mwisho wa safari, na kwamba akirudia atashuka. Alinyamaza. Tipu yake sikuihitaji.

Kaka zangu, hasa wapishi, nyinyi ndio mnaoona kila kitu, maana jikoni kila mtu anapita. Huhitaji kupigana. Ukiona mwenzako anamwandama binti, mwite yule binti kwa jina, mpe sufuria aoshe, kaa karibu naye mpaka huyo mwanaume achoke kusubiri. Kisha mwambie kiongozi. Kiongozi akiwa ndiye mhusika, mpigie mtu wa ofisini, na namba hiyo kila mgumu awe nayo kwenye simu kabla ya kuondoka mjini.

Ikitokea mtu amebakwa, jambo la kwanza ni kushuka. Nalisema kwa mkazo kwa sababu mlimani watu hupenda kusema "tumalize safari kwanza." Njia ya Machame ni siku 6 au 7. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Tendo likitokea usiku wa kwanza na mkasubiri mpaka geti la Mweka, tunakoshukia mwisho wa safari, muda umekwisha. Asishuke peke yake, na asisindikizwe na mtu asiyemtaka. Asioge, asifue. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Pale Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC. Akifika polisi atapewa PF3, fomu ya kupelekea hospitali, na aombe Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hospitali iko karibu zaidi, aanze huko. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi hadi siku 5, ila nayo haipendi kucheleweshwa.

Usiku wa kurudi mjini usisahauliwe. Watu wamechoka, pesa ipo, bia ipo, na kiongozi bado hajagawa bahasha. Hapo ndipo "njoo uchukue tipu yako chumbani" inaposemwa. Gaweni hotelini, mchana, mbele ya wageni, kila mtu akisaini alichopokea, na gari liwapeleke wanawake majumbani kabla ya baa kuanza kuchangamka. Nawe unayetaka kupanda, Mtanzania au mgeni, kabla ya kulipa amana iulize kampuni: wagumu wenu wa kike wanalala wapi, na wakipata shida wanampigia nani? Wakibabaika, tafuta kampuni nyingine.