Haidrenjia chini ya mkaratusi, Nakuru

Pole kwa hasara, dada. Umesema haidrenjia (vichaka vya maua) mbili zimekauka chini ya mkaratusi ingawa kuna kivuli na unamwagilia kila siku. Kivuli si kosa. Kosa ni mizizi. Mkaratusi hunywa maji yote kabla ya ua lako, na udongo wa majivu ya volkano wa sehemu nyingi za Nakuru hupitisha maji haraka. Usipande tena hapo.

Chagua upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne hivi, kisha kivuli mchana. Kivuli kizito kutwa huleta majani mengi bila maua. Chomeka vijiti, uangalie kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa.

Panda mita moja kutoka ukutani, maana chini ya paa mvua haifiki, na chokaa ya saruji hufanya maua ya buluu yageuke waridi.

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, lijaze maji. Yakikaa zaidi ya saa nne, mizizi itaoza, tafuta pengine. Changanya udongo na nusu debe ya samadi iliyooza kabisa (mbichi huunguza), panda mvua ya Machi ikianza, tandaza nyasi kavu.

Brunfelsia, kichaka kingine cha maua, pia hustahimili kivuli, ila ni sumu kwa mbwa. Na kama matawi ya mkaratusi yamekaribia nyaya za umeme, usiyakate mwenyewe. Ita kampuni ya umeme.